Nusu ya Stendi

Futi ya Malina ilipotea Jumatatu asubuhi, na kwa kuwa humo ndani walikuwa wawili tu, hakuhitaji mpelelezi. Alimkuta mumewe sebuleni amepiga magoti, futi imelazwa sakafuni kutoka ukutani hadi kwenye miguu ya cherehani, na ile chaki ya kukatia nguo ameichomeka sikioni kama seremala wa kweli.

"Baba Mithu, naomba futi yangu. Blauzi ya mke wa daktari sijaikata bega."

"Ngoja. Niko kwenye hesabu."

"Hesabu ya nini tena?"

"Futi sita, kwa mbili, kwa mbili." Alisema bila kuinua kichwa, jinsi wakubwa wanavyosema na wafagiaji. "Lita mia sita na themanini. Tangi la samaki. Mtaa huu mzima hauna."

Kweli mtaa ule haukuwa nalo. Mtaa ule wa Howrah ulikuwa na mashine za kukereza vyuma kila nyumba ya tatu, ulikuwa na moshi, mabati, mafundi weusi kwa grisi tangu alfajiri, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nafasi ya kufuga samaki asiyeliwa. Gourhari Adak nafasi alikuwa nayo. Miaka thelathini alikaa getini mwa kiwanda cha uhandisi na kalamu na daftari, akiandika nani kaingia na nani kachelewa. Nati hakuikaza hata moja. Kiwanda kilipofungwa akapewa fidia, na siku alipoipokea akajipandisha cheo mwenyewe akawa mhandisi. Tangu hapo haikupita siku asimfundishe mtu jambo.

Mpango ulichorwa nyuma ya kalenda ya duka la peremende. Juu, tangi lenyewe la kioo. Chini yake, stendi ya vyuma iliyofunikwa plaiwudi. Ndani ya stendi, tangi dogo la kuchujia: maji yashuke kwa bomba moja, yapite kwenye sponji, kwenye vipande vya matofali na nyuzi za kusugulia sufuria, kisha pampu iyarudishe juu kwa bomba la pili. Gourhari aliichora mishale ya maji kwa wino mwekundu, akaipenda sana.

"Na meza yangu?" aliuliza Malina. "Na rafu ya sari za watu? Sikukuu ya Puja imebaki miezi miwili. Kazi ndiyo kwanza inaanza kuingia."

"Nimeshakufikiria." Akagonga kalenda kwa chaki. "Stendi ni futi sita. Mtambo unataka tatu tu. Hizi tatu za kushoto ni zako, kabati kamili, mlango, rafu mbili. Tazama." Akaandika herufi M ndani ya kisanduku, kama anayemgawia shamba.

"Soketi nayo?"

Hapo Gourhari akakohoa. Soketi nzima chumbani ilikuwa moja, na ndiyo iliyoendesha mota ya cherehani.

"Cherehani yako ina pedali pia. Mama yangu alishona kwa miguu mpaka siku aliyokufa."

"Hiyo miguu ndiyo iliyomuua," alisema Malina, akajichukulia futi yake. Ilikuwa na chenga za chuma na imekunjika kwenye inchi ya kumi na nne. Ugomvi wao haukuwahi kuwa mrefu. Malina alikuwa mke wa kizamani: kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulitamka jina la mumewe, hata kwenye dirisha la rashani, la chakula cha mgao, alikuwa akimsukuma Mithu, binti yao, alitaje yeye. Sasa Mithu ameolewa Bardhaman, na kwenye dirisha la rashani Malina husukuma kadi yenyewe.

* * *

Aliyechomelea stendi alikuwa Shibu Khanra wa nyumba ya tatu, fundi haswa, mwenye vidole tisa na karakana ya mashine mbili. Alikuja Jumapili na mtambo wake wa kuchomelea, hakutaka malipo, akanywa chai vikombe vitatu na kuunda fremu ambayo tembo angeweza kulala juu yake. Gourhari alisimama pembeni amefunga mikono nyuma, akimwambia pale ambapo Shibu alikuwa ameshachomelea kwamba pachomelewe.

Kazi ilipokwisha Shibu aliichukua kalenda, akaitazama muda mrefu.

"Kaka Gour, hili bomba la kurudisha maji juu, mdomo wake umeuweka wapi?"

"Chini, karibu na mchanga. Ukiuweka juu maji yanapiga kelele kama mtu anakojoa kwenye ndoo. Wageni wakae wasikilize hayo?"

"Sawa. Lakini pampu ikizimika, maji yatarudi kwa bomba hilohilo. Tangi la juu litajimwaga kwenye hili la chini mpaka ule mdomo upate hewa. Na la chini umelichora limejaa pomoni."

"Limejaa kwa sababu maji mengi ndiyo usafi mwingi. Na pampu haizimiki."

"Umeme ukikatika?"

Gourhari alicheka kwa pua. Ndilo swali alilokuwa akilisubiri tangu asubuhi. "Nimenunua inveta na betri ya lori. Umeme ukatike usikatike, pampu yangu haina habari."

"Basi toboa katundu hapa juu, kidogo tu chini ya uso wa maji. Ka msumari. Maji yakishuka kidogo bomba linavuta hewa, yanakoma. Dakika mbili, nitoboe sasa hivi?"

"Nitoboe bomba jipya!" Gourhari aliangalia huku na huku kama anayetafuta shahidi. "Shibu, wewe ni mtu wa mikono, nakuheshimu kwa hilo. Hii ni kazi ya mpango."

Fundi aliyezoea kutukanwa na matajiri hana haraka ya kukasirika. Shibu alikunja nyaya zake, na mlangoni akageuka, akasema na Malina badala ya mumewe.

"Shemeji, siku moja azime aone maji yanafika wapi. Kabla hujaweka kitu cha mtu humo."

"Umesikia, Baba Mithu?" alisema Malina, miguu ikiendelea kupiga pedali.

"Mama Mithu, wewe shona."

Rafu mbili alizoahidiwa hazikuonekana. Plaiwudi ilipungua, ikakatwa kuwa kifuniko cha kuzuia pampu isipate vumbi. Katika ukuta wa katikati ya zile nusu mbili, Gourhari alitoboa tundu la ukubwa wa ngumi, sentimita mbili juu ya sakafu ya stendi, waya wa pampu upite kwenda kwenye soketi iliyokuwa upande wa Malina. Tundu hilo alilitoboa bila kuombwa. Na ili sebule isipate hata tone, alizungushia chini ya stendi nzima, kwa ndani, kizingiti cha vidole vinne, akakipaka gundi ya silikoni mara tatu.

"Hata maji yakimwagika," aliwaambia watu, "hayatoki nje."

* * *

Mwezi wa Agosti tangi likajaa, na samaki akaletwa kutoka soko la Jumapili ng'ambo ya mto: arowana mmoja wa rangi ya fedha, mrefu kama mkono, mwenye mdomo umenuna daima. Bei yake ilikuwa sawa na kushonea pindo sari mia mbili. Malina aliipigia hesabu hiyo kichwani akiwa anaosha vyombo, akajuta kuipiga.

Wageni walikuja. Haldar, aliyekuwa mtu wa stoo kiwandani, na Panja wa ofisi ya mishahara, walikuja kila jioni ya pili, wakakaa mbele ya kioo na kumvika Gourhari kilemba cha ukoka. Watatu hao ukiwajumlisha walikuwa na miaka tisini kiwandani na hapana hata mmoja aliyewahi kuchafua kola.

"Gour, hii ni akili ya Kijerumani," alisema Haldar akitia biskuti kwenye chai.

"Yaani maji yanajiosha yenyewe," alisema Panja. "Na huku kushoto kuna mtambo gani?" Akaufungua mlango wa kabati bila kuuliza, mkono wake una mafuta ya vitafunio.

"Aa, huko funga," alisema Gourhari. "Huko ni vitambaa vya wanawake."

Vitambaa vya wanawake ndivyo vilivyonunua zile biskuti, na chai, na sukari vijiko vitatu alivyotia Panja. Fidia ilikuwa imekwisha kwenye kioo na betri. Lakini Malina alipita na trei, akafunga mlango kwa goti, akarudi kupiga pedali kwenye kona aliyosukumiwa, magoti yakimuuma mpaka usiku alikuwa akiyapaka mafuta ya haradali.

Mwanzoni mwa Septemba kabati lilikuwa na sari kumi na tisa. Kwa kuwa rafu hazikuwepo, alizipanga moja juu ya nyingine kwa tarehe: za kuchukuliwa mwanzo juu, za mwisho chini. Na ya mwisho kabisa ililetwa na Mwalimu Lahiri mwenyewe, mkuu wa shule ya wasichana, ambaye paa lake linatazamana na la akina Adak, mwanamke asiyepanda ngazi za mtu ovyo.

"Ya marehemu mama," alisema, akifungua karatasi polepole. Ilikuwa Benarasi, sari ya hariri, nyekundu, nzito, uzi wa dhahabu umefifia kidogo kama dhahabu ya kweli inavyofifia. "Aliolewa nayo. Pindo limeoza, libadilishe tu. Binti yangu ataivaa siku ya nane ya Puja. Nimewaza nimpe nani, Mama Mithu. Kuna maduka makubwa, lakini wale wanashona kwa haraka."

"Nitaishona kwa mkono, Dada Mwalimu. Hata cherehani haitaigusa."

"Usiiweke mahali pa chini, tafadhali."

"Siiweki."

Aliifunga kwa kitambaa cheupe mara mbili. Wiki nzima aliiweka juu ya mto wake wa kulalia, mpaka Gourhari alipolalamika kwamba chumba kimekuwa ghala. Akaishusha, na kwa kuwa ilikuwa ya siku ya nane, akaipanga mahali pake, chini ya zote. Uongo wake ulikuwa huo mmoja, na aliujua.

* * *

Siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, Howrah hunyamaza. Hakuna chuma kinachokerezwa, hakuna gurudumu linalozungushwa. Mashine huoshwa, huvikwa maua ya manjano, hutiwa alama ya sindur, ule unga mwekundu wa ibada, kwenye paji, kisha huachwa zipumzike, nao watu hula khichuri, wali wa dengu, na nyama ya mbuzi na kupanda juu ya mapaa kurusha vishada. Hata mwendesha rikisho huivika baiskeli yake shada. Kuizungusha mashine siku hiyo ni sawa na kumwamsha baba mkwe kwa teke.

Gourhari alikuwa akiingoja siku hiyo kuliko harusi ya binti yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mashine. Alinunua sanamu ya udongo, akaiweka mbele ya tangi. Kuhani alikuwa na karakana arobaini za kupitia kwa baiskeli asubuhi ile. Alimnyunyizia Vishwakarma maji, akatamka alichotamka kwa pumzi moja, akala ndizi akaenda zake. Gourhari hakuridhika. Pampu ilistahili ibada yake peke yake, na ataisoma mwenyewe, kutoka kwenye kijitabu.

Aliipaka sindur pampu. Akaipaka inveta, betri, bomba la kwanza, bomba la pili, na drili aliyoazima kwa Shibu na kutoirudisha.

"Na cherehani?" aliuliza Malina, ameshika sahani ya maua.

"Baadaye, baadaye. Hiyo si mashine hasa, ni kama fanicha." Na Haldar, aliyekuwa akitafuta pa kuweka sahani za luchi, vimkate vya kukaanga vya moto, akaziweka juu ya cherehani.

Malina aliyatazama mafuta yakitambaa kwenye ubao. Kila mwaka alikuwa akiipaka alama mwenyewe alfajiri, peke yake, na kuiomba radhi kwa kazi nyingi. Mwaka huu sindur yote ilikuwa mkononi mwa mumewe.

"Haya, Mama Mithu, baragumu!"

Akalichukua baragumu la kombe, akajaza mashavu, akapuliza. Panja na Haldar wakafumba macho na kuunganisha viganja. Na Gourhari Adak, aliyenunua betri ya lori ili umeme wa serikali usije ukamzimia pampu, akanyoosha kidole chake cha shahada akaizima mwenyewe. Maana siku ya Vishwakarma mashine hupumzika. Hilo hata mtoto anajua.

Bomba likanguruma. Kisha likaanza kumeza, ko-ko-ko-ko.

"Mnasikia?" alinong'ona Gourhari, macho yanamlowa. "Inashusha pumzi. Mwezi mzima haijapumzika."

Akafungua kijitabu. Kisanskriti alikuwa hakijui, lakini hilo halikumzuia kukisoma polepole ili kila neno lipate haki yake. Alipokwama alirudia mstari kutoka mwanzo. Malina alipuliza baragumu mara ya pili, akapiga vigelegele kama ilivyotakiwa, na maji juu yao yakawa yanashuka kwenye kioo, kidole, vidole viwili, kiganja. Arowana akaanza kuzunguka kwa wasiwasi. Waliofumba macho wakaendelea kufumba.

Shibu ndiye aliyefika mlangoni, na khichuri kwenye bakuli, ametoka kwenye ibada ya karakana yake. Aliangalia tangi mara moja tu.

"Kaka Gour, maji—"

"Sss!" Gourhari aliinua mkono bila kugeuka. "Ukurasa wa tatu."

"Kaka Gour, umezima! Maji yana—"

"Shibu! Ibada!"

Malina alipuliza mara ya tatu, na baragumu likiwa bado mdomoni akaona. Chini ya mlango wa kushoto, juu ya kile kizingiti cha vidole vinne, palikuwa panatiririka uzi wa maji. Ulikuwa mwekundu.

Panja alifumbua jicho moja. "Tazameni!" alilia. "Sindur imeshuka yenyewe! Mungu amepokea!" Akainama, akachovya kidole kwenye ule wekundu, akajipaka kwenye paji la uso. Haldar naye akachovya.

Upande wa kushoto hakuna aliyepaka sindur. Malina aliangusha baragumu, akavuta mlango. Maji yaliyokuwa yamezuiwa yasichafue sebule yakamjia miguuni. Tangi la chini lilikuwa limefurika, maji yakapita kwenye tundu la waya kama yaliyopewa ramani, na gundi ya silikoni, iliyopakwa mara tatu, ikayatunza humo ndani kwa uaminifu. Sari za chini zilikuwa zimesimama ndani ya maji kina cha kiganja. Ile ya chini kabisa ilikuwa imekwisha kuiachia rangi yake na kuzigawia sita zilizoilalia.

Shibu aliruka juu ya kiti, akalivuta bomba mdomo ukatoka majini. Likakohoa, likakoma. Ilimchukua muda mfupi kuliko kusema habari gani.

"Nani amejaza tangi la chini namna hii?" alisema Gourhari, kijitabu mkononi.

Haldar alitazama saa. Panja, na lile doa jekundu katikati ya uso, alisema ana mgonjwa nyumbani.

* * *

Kitu cha kwanza kufanya na sari iliyolowa ni kuitandaza, na mahali pa kutandaza ni juu ya paa, na siku ya Vishwakarma mtaa mzima uko juu ya mapaa.

Malina alilijua hilo akiwa kwenye ngazi, mikono imejaa, maji mekundu yanamchuruzikia viwikoni. Akapanda tu. Vishada vilikuwa vimejaa angani, watu wanashangilia kila uzi unapokatwa, vipaza sauti vinaimba karakana kwa karakana. Akaanza kutundika. Moja, mbili, tatu. Ilipofika ya nne, kelele za paa la jirani zilipungua. Kila mwanamke alikuwa anatafuta yake.

Gourhari alimfuata mpaka nyuma ya tangi la maji la paani, akabaki hapo hapo pa kujificha.

"Mama Mithu," alinong'ona. "Sema mvua. Septemba hii, nani atakataa? Sema paa linavuja."

Malina aliendelea kutundika. Alikuwa ameifikia ya mwisho. Aliifungua ile nguo nyeupe, ambayo haikuwa nyeupe tena, akaitandaza Benarasi kwenye kamba kwa ncha za vidole. Wekundu ulikuwa umebaki mabaka mabaka. Kwenye mkunjo, hariri ya zamani ilichanika kwa uzito wa maji yake yenyewe, taratibu, bila sauti, naye amesimama anaitazama.

"Mama Mithu!"

Mwalimu Lahiri alikuwa kwenye ukuta wa paa lake, hatua thelathini tu angani. Hakuwa amepaza sauti sana. Hakuwa na haja.

"Hiyo ni ya mama?"

"Ndiyo, Dada Mwalimu."

"Imefanyaje?"

"Mvua," ilinong'ona sauti nyuma ya tangi. "Mvua, mvua."

Malina alifuta mikono kwenye sari yake. Watu wa paa la Shibu, watu wa paa la muuza makaa, wake wa nyumba ya kona wenye blauzi nne kwake, wote walikuwa wamegeuka, na kishada kimoja kikakatwa kikaanguka bila mtu kushangilia.

"Ni mume wangu," alisema. "Gourhari Adak. Alijaza tangi la samaki kuliko linavyobeba, akaambiwa, hakusikia. Gourhari Adak. Na mimi niliiweka chini. Uliniambia nisiiweke, nikaiweka."

Nyuma ya tangi, Gourhari alichuchumaa. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulisikia jina lake kwenye mdomo ule, na sasa alilisikia mara mbili, na mtaa mzima nao ukasikia.

Mwalimu Lahiri alishika ukuta. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwasemesha wasichana mia nane bila kipaza sauti.

"Nina blauzi tatu kwako," alisema. "Zirudishe jinsi zilivyo. Usizimalize." Akashuka ngazi zake.

Ndipo wengine wakafunguka. "Mama Mithu, yangu ya kijani?" "Na ya mkwe wangu, ile ya njano?" Kutoka mapaa manne, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa upole na wengine kwa sauti ambayo mtu humtolea mwizi. Malina aliwajibu wote amesimama wima. Yako imepona, Mama Bubai. Yako imeingia doa, Dada Rekha, nitalipa. Yako imepona. Yako nitalipa. Saba alizozitaja kwa kulipa, kumi na mbili zimepona, na alizitaja zote kumi na tisa bila kukosea, kwa sababu daftari lake lilikuwa kichwani.

* * *

Aliposhuka, Gourhari alikuwa ametangulia sebuleni, ameinama mbele ya kioo. Tangi lilikuwa nusu. Arowana alikuwa amelala kiubavuubavu, mdomo unafunguka na kufunga.

"Anakosa hewa," alisema. "Niwashe pampu kidogo. Kidogo tu, mungu ataelewa."

Malina alipita mbele yake, akaingiza mkono kwenye kabati lenye maji, akauvuta waya wa pampu kutoka kwenye soketi. Akaifuta soketi kwa ncha ya sari yake, akaisubiri ikauke, akaifuta tena. Kisha akaziondoa luchi za baridi juu ya cherehani, sahani moja moja, akasafisha mafuta, akaivuta cherehani nzima mpaka ukutani na kuchomeka plagi yake.

"Shibu ana pipa," alisema. "Nimeshamwambia. Anakuja kumchukua."

"Mama Mithu, unafanya nini? Leo? Leo hakuna anayezungusha hata gurudumu! Watu watasema nini?"

"Zile kumi na mbili zinamalizwa leo. Kesho wenyewe watakuja kuzichukua hata kama hazijakwisha, na hapo sina hata hizo."

Kwenye sahani ya ibada palibaki sindur kidogo, imelowa. Akaichukua kwa kidole cha pete, akaweka alama moja kwenye kichwa cha cherehani. Hakupiga vigelegele. Akakanyaga swichi, na sauti ya mota ikatoka dirishani kuingia kwenye mtaa ambao siku hiyo haukuwa na mashine nyingine yoyote inayonguruma.

Gourhari alisimama katikati ya maji, mikono nyuma kama alivyosimama getini miaka thelathini. Alisubiri mtu ampe la kuandika.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe.

"Zile saba zikikauka, zikunje. Halafu uzipeleke nyumba kwa nyumba." Malina alikata uzi kwa meno, akaweka kitambaa kingine chini ya sindano. "Ukifika mlangoni, jina lako litaje mwenyewe. Mimi nimeshalitaja mara mbili, inatosha."